Mwongozo kamili wa kirtani: tangu kusikiliza mara ya kwanza hadi kuimba shabadi nzima

Juu ya karibu kila wimbo ulioandikwa ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, pana mstari mdogo ambao msomaji mwenye haraka huuruka. Mfano mmoja: "Asa, Mahala 5". Kwa mwimbaji, hapo ndipo kazi inapoanzia. Asa ni jina la raga, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo huo umetakiwa uimbwe nao. Mahala 5 humtaja mtunzi: Guru wa tano, yaani mwalimu na kiongozi wa tano wa dini hiyo, Guru Arjan. Kitabu hiki chenye kurasa 1,430 kimepangwa kwa raga kwanza, ndipo watunzi wakafuata ndani ya kila raga. Hebu fikiria diwani ya mashairi iliyopangwa kwa mahadhi yake badala ya mada au majina ya washairi.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu wengi wetu Afrika Mashariki tumeisikia kirtani, yaani uimbaji wa nyimbo za Kitabu hicho, tangu utotoni bila kuijua. Waliosafiri kati ya Mombasa na Nairobi wamepumzika Makindu, kwenye gurudwara, nyumba ya ibada, iliyojengwa mwaka 1926 na Masingasinga wa reli, wakanywa chai na kula dengu na chapati bila kulipa, huku sauti ya kinanda na ngoma za tabla ikitoka ukumbini. Chakula tulikipokea kwa mikono miwili, muziki tukauacha mlangoni. Natamani tuupokee nao.

Kwanza, ujue unachokisikiliza

Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini hii, alizaliwa Talwandi huko Punjab, mji ambao leo unaitwa Nankana Sahib na uko Pakistan. Alisafiri miaka mingi na mwenzake Bhai Mardana, Mwislamu kutoka ukoo wa wapiga muziki. Guru aliimba, Mardana akampigia rababu, ala ya nyuzi. Baada yao, waimbaji Waislamu walioitwa rababi waliendelea kuimba kizazi baada ya kizazi, hata ndani ya Harmandir Sahib, hekalu la dhahabu la Amritsar, mpaka mwaka 1947 Punjab ilipogawanywa kati ya India na Pakistan na wao wakajikuta ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 1604 Guru Arjan alikamilisha mkusanyo wa nyimbo hizo. Aliweka za Maguru waliomtangulia na zake mwenyewe, kisha akaongeza za wacha Mungu waliokuwa nje ya jumuiya yake: Kabir mfumaji, Ravidas fundi wa viatu, Sheikh Farid msufi, na wengineo. Baadaye Guru Gobind Singh aliingiza nyimbo za baba yake, Guru Tegh Bahadur, na mwaka 1708 akatangaza kwamba hatakuja Guru mwingine wa mwili na damu. Kitabu chenyewe ndicho Guru. Ndiyo maana kurasa zake huitwa "ang", neno lenye maana ya kiungo cha mwili. Raga kuu zilizomo ni 31, ya kwanza ikiwa Sri na ya mwisho Jaijavanti.

Likumbuke hilo katika kila hatua. Anayeimba kirtani ameketi mbele ya Guru wake, na mahadhi yanalitumikia neno. Siku mahadhi yakitaka kutumikiwa, mwenye sikio atakuambia kwamba pale kirtani imekwisha, yamebaki maonyesho.

Wiki mbili za kusikiliza tu

Usinunue chochote bado. Kirtani ya Harmandir Sahib hurushwa moja kwa moja kila siku kwenye YouTube. Amritsar imetutangulia kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo Asa di Var, ibada ndefu inayoimbwa kabla ya mapambazuko ya kule, kwetu huwa ni usiku wa manane. Ukishindwa kukesha, itafute iliyorekodiwa. So Dar, zamu ya machweo, hutufikia alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja kulingana na majira ya mwaka, na hiyo unaweza kuisikiliza ukiwa macho kabisa.

Zamu hizo huitwa chauki, na kila moja ina wakati wake. Asa di Var ni ya alfajiri. Chauki ya Bilaval hufuata jua likishachomoza. Jioni huja So Dar, na usiku huja Kalyan. Raga ya asubuhi ikiimbwa usiku, wazee wa fani husikia kama mtu aliyekuamkia "umeamkaje" saa mbili usiku.

Kundi la kawaida lina watu watatu na huitwa jatha. Wawili wanaimba huku wakipiga vinanda vya kupeperusha hewa kwa mkono, wa tatu anapiga tabla. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa ile yenye ladha ya Kihindi wanazijua ala hizi mbili vizuri. Tofauti utaisikia katika mwendo. Jatha lililofunzwa vizuri huanza kwa shaan, kipande cha ala peke yake cha kuiweka raga hewani. Kisha huja manglacharan, maneno machache ya kumtukuza Mungu yanayoimbwa taratibu sana. Ndipo shabadi, yaani wimbo wenyewe wa Kitabu, inafuata.

Katika wiki hizo mbili fanya kazi moja tu: tafuta mstari unaorudi. Usijali maana kwa sasa. Kila waimbaji wakirudi kwenye mstari uleule, gonga goti mara moja. Ukiweza kuubashiri kabla haujafika, sikio lako limeanza kufunguka.

Nenda gurudwara

Rekodi hazitoshi. Kirtani huimbwa mbele ya mkusanyiko, na mkusanyiko huo ni sehemu ya sauti yake. Nairobi ina gurudwara kadhaa, na ziko pia Mombasa, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam. Nyingi zimetokana na mafundi na wafanyakazi walioletwa kutoka Punjab ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, na jamaa zao waliowafuata. Mtu wa dini yoyote hukaribishwa.

Oga, vaa nguo ya heshima utakayoweza kukalia sakafuni. Tumbaku na pombe viache mbali, hata pakiti iliyofungwa isiwe mfukoni. Mlangoni vua viatu, nawa mikono, funika kichwa kwa mtandio au kitambaa. Usipokuwa nacho utapewa. Ukumbini utamwona Guru Granth Sahib amewekwa juu ya kiti cha enzi chini ya chandarua cha heshima. Masingasinga humwendea moja kwa moja, huinama mpaka paji la uso liguse sakafu, na huacha sadaka. Wewe fanya kinachokubaliana na imani yako. Kusimama kwa utulivu na kuinamisha kichwa kunatosha. Kisha keti, miguu ikunjwe, nyayo zisielekee Kitabu.

Hakuna makofi baada ya wimbo, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Mwishoni huimbwa beti sita za Anand Sahib, kila mtu husimama kwa sala iitwayo Ardas, kisha Kitabu hufunguliwa na wimbo uliojitokeza husomwa kama hukam ya siku. Neno hilo ni ndugu wa hukumu yetu. Halafu utagawiwa karah parshad, halua ya unga wa ngano, samli na sukari kwa vipimo sawa. Ipokee kwa viganja viwili vilivyounganishwa, ukiwa umeketi.

Kwenye langari, jiko la wote, kaa mstarini na ule kama wengine. Ukimaliza, uliza kama unaweza kusaidia kuosha sahani. Mimi nilijifunza mengi kuhusu raga kwenye karai la vyombo kuliko pengine popote, kwa sababu wazee waliokuwa wakiosha walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini, bila kinanda cha kuwaficha makosa, na waliposimama kunielekeza hawakuwa na haraka.

Soma kichwa cha shabadi

Sasa chukua shabadi moja na ukae nayo. Ninayompa kila anayeanza ni "Bhai prapat manukh dehuria", iliyoko ang 12, kwa sababu ni fupi, huwamo katika sala za kila jioni, na raga yake haina sauti ngumu. Kichwa chake ndicho kile tulichoanza nacho: Asa, Mahala 5. Kwa hiyo tunajua itaimbwa kwa Asa, na aliyeitunga ni Guru Arjan.

Ukifika mwisho utashangaa kukuta jina la Nanak. Maguru wote waliotunga nyimbo katika Kitabu hiki walitia saini ya Nanak. Ile tarakimu ya Mahala ndiyo pekee inayowatenganisha. Kwenye shabadi nyingine utakuta pia neno "ghar" na namba. Waalimu wanalifasiri kwa njia tofauti, wengine wakilihusisha na mapigo. Lisikukwamishe.

Tafuta rahao

Hili ndilo jambo ninalolishikilia kuliko yote. Ndani ya shabadi kuna mstari au mistari miwili iliyotiwa alama "rahao", neno lenye maana ya kutua. Hapo ndipo lilipo wazo kuu. Beti nyingine zinalieleza, zinalipinda, zinalitolea ushahidi, lakini lenyewe limekaa hapo. Rahao kwa kawaida huandikwa baada ya ubeti wa kwanza, lakini katika kuimba hutangulia, kisha hurudiwa baada ya kila ubeti. Ndiyo kiitikio chetu, ila hiki kimechaguliwa na mtunzi mwenyewe na kuwekewa alama.

Katika shabadi yetu, ubeti wa kwanza unasema kwa maana hii: umepewa mwili huu wa kibinadamu, na hii ndiyo zamu yako ya kukutana na Mungu, shughuli nyingine hazitakufaa kitu, kaa na watu wema ulitaje Jina lake. Rahao inakuja: jiandae kuivuka bahari ya kutisha ya dunia, maana maisha yanakwisha bure katika kupenda vya dunia. Ubeti wa mwisho unaungama: sikusali, sikujizuia, sikutenda haki, sikuwatumikia wacha Mungu, asema Nanak, matendo yetu ni duni, tumekukimbilia, tusitiri.

Sasa sema mwenyewe, kuna haja ya kutafuta mstari mwingine wa kurudia? Watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa bahari ni nini. Hata hivyo utasikia waimbaji wakiuacha mstari wa rahao na kuchukua ule wenye mlio mtamu, au wakichomeka maneno yao. Sikh Rehat Maryada, kanuni ya mwenendo iliyopitishwa mwaka 1945, inakataza kutunga kiitikio kwa maneno ya nje. Mstari unaorudiwa sharti utoke katika wimbo wenyewe. Kanuni hiyohiyo inaruhusu kirtani ya maandiko pamoja na tungo za washairi Bhai Gurdas na Bhai Nand Lal tu.

Matamshi kabla ya mahadhi

Maandishi ni ya Gurmukhi, yenye herufi 35 za msingi. Jifunze kuyasoma, kwa nusu saa kila siku, mwezi mmoja unatosha kuanza. Irabu fupi zilizo mwishoni mwa maneno mengi huandikwa kwa sababu za sarufi bila kutamkwa, na hapo ndipo wanaoanza huharibu mapigo, kwa kuongeza silabi zisizokuwepo.

Mswahili, hasa wa Kimvita, ana mtaji hapa. Kigurmukhi hutofautisha k ya kawaida na k yenye pumzi, p na p yenye pumzi. Mtu wa Mombasa anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu ameshaijua tofauti hiyo. Vilevile t mbili, moja ya kugusa meno na nyingine ya kurudisha ulimi nyuma, hazitamtisha anayetofautisha t zake za nyumbani. Ila kumbuka: "kh" ya huku ni k yenye pumzi, siyo ile ya "kheri".

Isome shabadi kwa sauti ya kawaida kila siku kwa juma zima. Usiiimbe. Mpaka maneno yatoke bila kuangalia.

Tafuta Sa yako, kisha uipande Asa

Sauti saba zinaitwa Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Sa ni nyumbani, na kila mwimbaji huiweka panapomfaa. Pakua programu ya tanpura kwenye simu, ile inayotoa mvumo mmoja usiokatika, na uimbe Sa pamoja nayo kwa dakika kumi, ukisikiliza mpaka sauti yako na mvumo visitenganike. Wanaume wengi hukaa karibu na C au kibonyezo cheusi kinachofuata. Wanawake wengi karibu na G au A. Kama una kinanda, mwanzoni weka Sa kwenye C ili vibonyezo vyeupe vikutoshe, hata kama baadaye utahama.

Asa hupanda hivi: Sa, Re, Ma, Pa, Dha, Sa ya juu. Ga na Ni zimerukwa. Ikishuka huzirudisha: Sa, Ni, Dha, Pa, Ma, Ga, Re, Sa, na mara nyingi mwishoni hugeuka Re, Ga, Sa kabla ya kutulia. Usidharau kule kuruka. Ukigusa Ga wakati wa kupanda umekwisha kuelekea raga nyingine, na sikio la Kipunjabi litajua papo hapo. Panda na kushuka polepole, mara ishirini asubuhi, bila maneno.

Mapigo

Kwa kuanzia inatosha tala, yaani mzunguko wa mapigo, ya Kaharva, yenye mapigo manane. Piga kofi kwenye la kwanza, punga mkono kwenye la tano, mengine hesabu kwa vidole. Ikikaa mwilini, nenda Tintal ya mapigo 16: makofi kwenye la 1, la 5 na la 13, mkono upungwe kwenye la 9. Pigo la kwanza huitwa sam, na kila mzunguko hurejea hapo. Kuna aina ngumu ya shabadi iitwayo partal, ambamo tala hubadilika katikati. Guru Ram Das na Guru Arjan walitunga 55 kwa jumla. Ziache kwa miaka michache.

Kuviunganisha

Anza na rahao, kwa sauti ya nusu ya chini, kati ya Sa na Pa. Iimbe mara nne. Ubeti unapokuja, acha sauti ipande kuelekea Sa ya juu, imba kila mstari mara mbili, kisha shuka kurudi kwenye rahao, maneno yake yakiangukia sam. Tafuta rekodi ya mwimbaji mkongwe akiimba shabadi hii kwa Asa na umfuate. Mimi huwaelekeza watu kwa Bhai Nirmal Singh Khalsa, mwimbaji wa Harmandir Sahib aliyetunukiwa nishani ya India ya Padma Shri mwaka 2009 na kufariki mwaka 2020. Sauti yake ni ya juu sana kwa wengi wetu, lakini sikiliza jinsi kila neno linavyobaki wazi.

Jirekodi. Mpe rekodi mtu anayejua Kipunjabi, umuulize swali moja: umesikia maneno yote? Asiposikia, punguza mapambo.

Kuhusu kununua ala, subira. Kinanda kililetwa India na Wazungu katika karne ya 19, na kwa vibonyezo vyake hakiwezi kuteleza kutoka sauti hadi sauti kama koo linavyoteleza. Anayejifunza kwa kinanda tu hujifunza kuimba ngazi, wakati raga nyingi zinataka mteremko. Mwaka 2022 Akal Takht, mamlaka kuu ya Masingasinga, iliagiza vinanda viondolewe Harmandir Sahib kwa awamu katika muda wa miaka mitatu ili ala za nyuzi zirudi mahali pake. Ala hizo ni rababu, saranda, dilruba na taus. Hiyo ya mwisho imechongwa kwa umbo la ndege, na jina lake ni lilelile tunalomwita sisi: tausi. Ukiwa na uwezo na mwalimu, chukua dilruba. Ni nyepesi kuliko taus na inaigiza sauti ya mtu vizuri. Chuo Kikuu cha Punjabi kilichoko Patiala kina idara ya Gurmat Sangeet, ndilo jina la fani hii, na mafunzo yake ni mahali pazuri pa kuendelea.

Mahali pa mgeni

Rehat Maryada inasema kirtani mbele ya mkusanyiko itaimbwa na Singasinga tu. Usiombe jukwaa. Nyumbani imba, darasani jifunze, na ukumbini mlango wako ni rahao: jatha linapoirudia, mkusanyiko huitikia, na hapo sauti yako ina nafasi kama ya mwingine yeyote.

Ukidumu mwaka mzima utasikia kalenda ndani ya muziki. Katikati ya Januari, siku ya Maghi, waimbaji huanza kuingiza raga Basant, ya majira ya kuchipua, na huendelea nayo hadi sikukuu ya Hola Mohalla mwezi Machi. Mvua za Punjab zikianza, huja Malhar. Siku utakapoketi ukutani, jatha likapiga shaan, nawe ukamnong'oneza jirani "Basant imeingia" kabla neno la kwanza halijaimbwa, rudi ang 12 uchague shabadi ya pili.